Kipa kafungwa magoli 25 na bado anaitwa bora duniani? Tuelewane kuhusu Henning Fritz na kazi ya golikipa wa handiboli

Tangu Olimpiki ya Paris 2024 kuna swali linazunguka sana kila handiboli ikitajwa, na linaulizwa na watu wanaoujua mpira wa miguu vizuri tu. Ujerumani walifika fainali, wakapigwa na Denmark 39 kwa 26, alafu bado watu wakaendelea kumsifia kipa wao Andreas Wolff kwamba ni kati ya makipa bora duniani. Mtu anauliza, huyu kafungwa 39, ubora uko wapi? Kwa macho ya soka ni swali la haki kabisa, manake kule kipa akifungwa manne tu anaanza kutafutiwa mbadala.

Jibu liko wazi ila linataka uuelewe mchezo wenyewe kwanza, alafu uangalie maisha ya mtu mmoja ambaye kwangu mimi ndiye anayeieleza hii kazi kuliko wote. Si Wolff, ni Mjerumani mwenzake aliyemtangulia, anaitwa Henning Fritz. Huyu mwaka 2004 alichaguliwa mchezaji bora wa dunia, kipa wa kwanza kabisa kupata hiyo tuzo upande wa wanaume, na miaka miwili na kitu baadaye alikuwa kipa wa tatu kwenye klabu yake, wa tatu jamani siyo wa pili, na akiwa kwenye hali hiyo hiyo akaenda kuwa bingwa wa dunia. Ukielewa hayo matatu yaliwezekanaje kwa mtu mmoja, utakuwa umeuelewa huu mchezo.

Tuanze na vitu vidogo. Handiboli, au mpira wa mikono kama tunavyoujua kutoka mashuleni na kwenye UMISSETA, unachezwa na watu saba kila upande, sita wa ndani na kipa mmoja. Uwanja una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, kwahiyo ni dogo sana ukilinganisha na la soka lenye mita 7 na ushee. Mbele ya goli kuna mstari wa mita 6, na ndani ya huo mstari anaruhusiwa kukaa kipa peke yake. Mshambuliaji anaweza kuruka juu kutokea nje ya mstari na kuutupa mpira akiwa hewani kabla hajatua, ndiyo maana unaona watu wanaruka vile kama wanapaa. Mechi ni dakika 30 mara mbili, na kwa wakubwa timu kufunga magoli 25 hadi 30 ni kawaida tu.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katika soka timu inaweza kupiga mashuti matano golini mechi nzima. Kwenye handiboli ni karibu arobaini, tena mengi yanapigwa kutoka mita 6 hadi 9 na mtu aliyekwisha kuruka, mkono uko juu, anachagua kona. Shuti la mwanaume wa kiwango cha juu linapita kilomita 100 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe, kwa mwendo huo mpira unatoka mita 9 na kufika golini kwa kama theluthi moja ya sekunde, na mwili wa binadamu unahitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kuona kitu na kuanza tu kujibu. Kinachobaki ni kidogo mno, na kama shuti limetoka mita 6 hakibaki kitu kabisa. Alafu kipa wa handiboli havai glavu. Anaokoa kwa mikono mitupu, miguu, kifua, mapaja, na mara nyingine uso.

Kwahiyo hakuna kipa duniani anayeingia uwanjani akiwa na lengo la kutofungwa, hicho kitu hakipo. Kazi yake inafanana na ya yule anayefua maji kwenye mashua inayovuja. Maji yataingia tu, kila mtu humo ndani anajua, ila yeye akifua vizuri mnafika na akizembea mnazama. Kipa wa handiboli anapimwa kwa kuangalia ameokoa mangapi katika yale yaliyolenga goli, na hii ndiyo asilimia unayoona inaandikwa kwenye skrini mkitazama mechi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kipa wa timu A amepigiwa mashuti 40 yaliyolenga goli, akaokoa 14 na kufungwa 26, hiyo ni asilimia 35. Kipa wa timu B amepigiwa 38, ameokoa 10 na kufungwa 28, hapo ni asilimia 26. Timu A imeshinda 28 kwa 26, na ukiangalia vizuri ni kipa ndiye aliyeshinda ile mechi ingawa kafungwa magoli 26. Kwa ujumla asilimia 30 ni kazi nzuri, ukifika 40 kwenye mechi kubwa basi siku hiyo umeibeba timu, na zaidi ya hapo watu wanaanza kukuimba. Wolff mwenyewe kwenye fainali ya Ulaya ya 2016 kule Kraków aliwafanya Hispania wamalize na magoli 17 tu, Ujerumani wakashinda 24 kwa 17. Kwa handiboli, 17 kwenye fainali ni kama hujafungwa.

Na yale 39 ya Paris? Hapo usimwangalie kipa peke yake. Timu ikipoteza mipira mbele, wapinzani wanakimbia na kipa anabaki ana kwa ana na mtu aliyeko mita 6 bila beki hata mmoja, na hayo mashuti karibu yote yanaingia hata ukimweka nani pale. Tena kuna sheria imeanza kutumika tangu 2016 inayorahisisha kumtoa kipa na kuingiza mchezaji wa saba wa kushambulia, kwahiyo mkipoteza mpira golini hakuna mtu na anayefunga anaweza kutupia tu kutoka kwao. Ubao unahesabu kila goli sawa ila haukwambii limefungwaje.

Kitu kingine ambacho watu hawakioni ni kwamba kipa hafanyi kazi peke yake. Kuna makubaliano kati yake na mabeki wanaonyoosha mikono kuziba. Mabeki wanachukua upande mmoja wa goli, kipa anachukua mwingine. Beki akichelewa nusu hatua au akaziba upande ambao siyo, shuti linapita palepale ambapo kipa alishauacha kwa makubaliano, alafu jukwaani mtu anapiga kelele kwamba kipa amesimama kama nguzo. Ndiyo maana wanaosema kipa wa handiboli ni bahati tu na kurusha miguu wananikera kidogo. Kuna bahati, sikatai. Ila kipa mzuri anamsoma mpigaji kuanzia bega, kiwiko, hatua za mwisho, anajua huyu akichoka anapenda kona ya chini, na wakati mwingine anaacha upenyo makusudi ili mpigaji aupige na yeye awe ameshafika.

Sasa tuje kwa Fritz mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1974 mjini Magdeburg, wakati huo ikiwa Ujerumani Mashariki. Hii siyo habari ya pembeni, manake Magdeburg ni mji wa handiboli kama miji mingine ilivyo ya soka. Klabu ya SC Magdeburg ilichukua ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 1978 na 1981, na kipa wa pale Wieland Schmidt ndiye aliyeokoa shuti la mwisho dhidi ya Wasovieti kwenye fainali ya Olimpiki ya Moscow 1980, Ujerumani Mashariki wakachukua dhahabu. Kwahiyo Fritz amekulia kwenye mji ambao shujaa wake alikuwa golikipa, na sidhani kama kuna mahali pengi duniani mtoto anakua namna hiyo. Akapita kwenye mikono ya klabu hiyo hiyo tangu utotoni. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989 alikuwa na miaka 15 tu, nchi yake ikapotea ila klabu ikabaki.

Na hiyo klabu ikapata tabu kama taasisi nyingi za mashariki baada ya muungano, pesa zote zilikuwa magharibi na wachezaji nao wakaelekea huko. Hata hivyo mwaka 2001 SC Magdeburg wakawa mabingwa wa Ujerumani iliyoungana, klabu ya kwanza kutoka upande wa mashariki kufanya hivyo kwenye handiboli, na golini alikuwepo huyu kijana wa mji. Kocha wao alikuwa Alfreð Gíslason kutoka Iceland, na jina hilo lishike, manake ndiye kocha aliyeipeleka Ujerumani kwenye ile fainali ya Paris.

Baada ya ubingwa Fritz akahamia THW Kiel, kaskazini kabisa kwenye bahari ya Baltiki. Kiel kwenye handiboli ni klabu kubwa ya pesa na makombe, na presha yake ni ya kila siku. Makombe yakaja, ubingwa wa 2002, 2005, 2006 na 2007, na ndani ya kipindi hicho timu ya taifa chini ya kocha Heiner Brand ikawa inakaribia kilele kila mara na kuanguka. Fainali ya Ulaya 2002 wakafungwa na Sweden kwenye muda wa nyongeza, fainali ya dunia 2003 wakafungwa na Croatia. Wajerumani wakaanza kujiona watu wa nafasi ya pili.

Alafu ukaja mwaka 2004, na huu nataka tukae nao kidogo.

Januari kule Slovenia wakachukua ubingwa wa Ulaya, wakiwafunga wenyeji 30 kwa 25 kwenye fainali ya Ljubljana. Agosti wakaenda Athens kwenye Olimpiki, na robo fainali dhidi ya Hispania ndiyo mechi inayotajwa kila jina la Fritz likitajwa. Dakika 60 zikaisha sare. Nyongeza ya kwanza, sare. Nyongeza ya pili, sare tena. Wakaingia kwenye penalti za mita 7. Kwa asiyejua, penalti ya handiboli inapigwa mita 7 tu kutoka golini, kipa anaruhusiwa kusogea mbele hadi mstari wa mita 4, na mpigaji anaweza kumdanganya kwa mkono kabla hajaachia mpira, kwahiyo kipa kuokoa hata moja ni kazi kubwa. Fritz akawa anaokoa moja baada ya nyingine, Wahispania wakaonekana kama wamesahau kufunga, mechi ikaisha 32 kwa 30. Nusu fainali dhidi ya Urusi Ujerumani wakashinda 21 kwa 15. Magoli 15 kwenye nusu fainali ya Olimpiki! Na upande wa pili alikuwepo Andrey Lavrov, kipa mwenye dhahabu tatu za Olimpiki. Fainali wakafungwa na Croatia 26 kwa 24, wakarudi na medali ya fedha.

Kwa mwaka huo Fritz akapewa tuzo ya mchezaji bora wa dunia wa shirikisho la kimataifa. Hadi hapo ilikuwa ikienda kwa wafungaji na wachezeshaji, na baada yake mlango ukafunguka. Thierry Omeyer wa Ufaransa akaipata 2008, Sławomir Szmal wa Poland 2009, Niklas Landin wa Denmark baadaye akaichukua mara mbili. Hayo majina mawili ya kwanza nayo yashike, yanarudi muda si mrefu.

Watu wengi wanadhani mchezaji akishafika juu namna hiyo anabaki juu mpaka azeeke. Fritz hakubaki. Baada ya 2004 kiwango kikaanza kushuka, na miaka ya baadaye yeye mwenyewe akazungumza hadharani kwamba alikuwa amechoka mwili na akili, uchovu wa kupitiliza, ule ambao kulala hakuuondoi. Binafsi namheshimu sana kwa kusema, manake kwenye michezo ya wanaume wa miaka ile mtu kukiri kitu kama hicho haikuwa kawaida. Na ukiangalia kazi yenyewe utaelewa. Ligi ya Ujerumani inachezwa karibu mwaka mzima, kuna mashindano ya klabu za Ulaya katikati ya wiki, na Januari wakati wengine wanapumzika kuna Kombe la Ulaya au la Dunia. Kipa hapati nafasi ya kujificha kama winga ambaye anaweza kucheza dakika kumi bila kuguswa, yeye kila shambulio linaishia kwake, na kila kosa linahesabiwa hapohapo kwenye ubao.

Mwaka 2006 Kiel wakamleta Omeyer, yule yule Mfaransa. Klabuni alikuwepo tayari Msweden Mattias Andersson. Kwahiyo mchezaji bora wa dunia wa 2004 akajikuta wa tatu kwenye foleni, wiki zinapita hachezi kabisa.

Na Januari 2007 Kombe la Dunia linachezwa Ujerumani kwao. Brand akamwita, tena siyo kama mzee wa kukaa benchi kutoa moyo, alimwita awe kipa namba moja.

Kelele zilikuwepo, na ni kelele tunazozijua hata huku, kwamba huwezi kumwita mtu asiyecheza klabuni. Hoja hiyo ina ukweli kwa nafasi nyingi, winga asiyecheza anapoteza pumzi na mwendo. Kwa kipa hali ni tofauti kidogo. Klabu kubwa ina makipa wawili watatu wa nchi tofauti na golini anakaa mmoja tu, kwahiyo kukaa benchi nyuma ya Omeyer hakumaanishi wewe ni mbovu, kunamaanisha uko klabu moja na Omeyer. Timu ya taifa haina Omeyer, ina Wajerumani tu. Pia mashindano ya taifa ni mafupi, Ujerumani walicheza mechi 10 ndani ya siku 17, na mtu ambaye amekuwa akimalizwa na ratiba ndefu anaweza kuwa na mechi kumi kubwa ndani yake hata kama hana sitini. Brand alikuwa amemwona Athens, alijua anachokitafuta.

Mwanzo haukuwa mzuri, kwenye makundi walifungwa na Poland 27 kwa 25. Baada ya hapo hawakufungwa tena. Robo fainali wakawatoa Hispania 27 kwa 25. Nusu fainali dhidi ya Ufaransa, na golini kwa Wafaransa kasimama nani? Omeyer. Mtu na aliyechukua nafasi yake klabuni, ana kwa ana, mechi ikaenda nyongeza mbili na Ujerumani wakapita 32 kwa 31. Nakiri goli la mwisho la Wafaransa lililokataliwa bado linabishaniwa, na Wafaransa wana haki ya kulalamika, ila Fritz alifanya kazi yake.

Fainali ikachezwa tarehe 4 Februari 2007 Köln, watu kama 19,000 ndani ya ukumbi, dhidi ya Poland wale wale, na golini kwao yupo Szmal. Fritz akaumia mechi ikiendelea, hakuweza kuimaliza, akaingia Johannes Bitter ambaye wakati huo alikuwa kipa wa SC Magdeburg, klabu ya nyumbani kwa Fritz. Wakashinda 29 kwa 24. Brand akawa mtu wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia kama mchezaji, mwaka 1978, na tena kama kocha, na wachezaji wakapanda jukwaani wamebandika masharubu ya bandia kama ya kwake. Kwenye kikosi bora cha mashindano kipa alikuwa Henning Fritz, yule wa tatu wa Kiel.

Wapo wanaosimulia hii kama hadithi ya kulipiza kisasi kwa Kiel, mimi sioni hivyo. Kiel hawakukosea. Msimu ule ule walichukua ubingwa wa Ujerumani na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Klabu ilikuwa sahihi na kocha wa taifa alikuwa sahihi, kwa wakati mmoja kuhusu mtu yule yule, na hilo ndilo linalowasumbua watu wanaotaka kila mchezaji awe na namba moja ya ubora inayotembea naye popote anapoenda.

Mwaka huo huo wa 2007 akaondoka Kiel akaenda Rhein-Neckar Löwen, klabu ya kusini magharibi iliyokuwa inajijenga kwa nguvu. Alipofika akamkuta kipa mwingine tayari yupo, Sławomir Szmal, aliyemwacha upande wa pili wa uwanja kwenye fainali ya Köln. Wakagawana goli moja kwa miaka kadhaa, na katikati ya miaka hiyo, 2009, Szmal naye akachaguliwa bora wa dunia, kwahiyo klabu moja ikawa na makipa wawili waliowahi kubeba tuzo hiyo na mmoja wao lazima akae benchi kila wikiendi. Fritz akatundika daluga mwaka 2012 akiwa na mechi zaidi ya 230 za timu ya taifa.